Mcheza Kwao Hakutunzwa

Wazee wetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Msemo huu haukutungwa mezani. Umetoka uwanjani, penye ngoma. Anayecheza vizuri mbele ya watu wake husogelewa na shangazi yake, akafutwa jasho kwa upande wa kanga, akabandikwa noti kwenye paji la uso. Aliyefurahi ndiye anayetoa, aliyefurahisha ndiye anayepokea, na baina yao hakuna mtu wa tatu. Leo nataka kubishana na msemo huu. Wazee hawakukosea, ila yule mtu wa tatu amekwisha kuingia uwanjani, nasi tunaendelea kuutamka kana kwamba hayupo.

Amri Athumani, aliyejulikana kila mahali kwa jina la King Majuto, na kwa watu wengi Mzee Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alipanda jukwaani mwaka 1958, akiwa bado mtoto, na hakushuka mpaka maradhi yalipomshusha. Alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, baada ya kusumbuliwa na tezi dume na baada ya kupelekwa India kwa matibabu mwaka huo huo. Akarudishwa kwao Tanga kuzikwa. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: ni miaka sitini ya kuchekesha watu. Wako mawaziri wangapi, wahubiri wangapi na waalimu wangapi waliofanya kazi moja kwa miaka sitini bila ya watu kuwachoka?

Sisi wa Handeni na Korogwe tulimjua kwa njia mbili. Kwanza ni jirani, mtu wa mkoa wetu, mwenye Kiswahili cha Tanga kisichohitaji kufafanuliwa. Pili tulimjua kwa picha zake. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga inapita Mkata, Kabuku na Segera. Na anayekwenda Moshi na Arusha hukunja Segera akaja Korogwe. Katika miji hiyo yote, na Chanika pale Handeni, na Manundu pale Korogwe, vibanda vya video viliota kama uyoga. Palikuwa na benchi, pazia jeusi dirishani, televisheni moja, na jenereta nje kwa wasiokuwa na umeme. Mlangoni mtoto alitoa sarafu yake. Aliyekosa sarafu alichungulia kwenye tundu la ukuta mpaka akafukuzwa. Ndani ya mabasi nako, abiria walioshuka Korogwe kula chakula walirudi garini kumalizia kumcheka mzee yule bahili, mwenye makelele, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kutamani.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kazi yake haikulipiwa. Ililipiwa! Mtoto wa Mkata alilipa mlangoni. Mwenye kibanda alilipia kaseti, na baadaye sahani ya DVD. Abiria alilipa nauli, na mwenye basi alijua kwamba picha ndani ya gari huvuta abiria. Fedha ilitoka mifukoni mwa watu wetu, tena watu maskini, wala haikutoka mara moja. Swali langu ni moja tu: ilikwenda wapi?

Alipougua, michango ilipitishwa. Alipokufa, viongozi na wasanii walijaa, na kila mmoja alikuwa na neno la kusema. Kisha matanga yakaanuliwa, na kwenye mabaraza ya kahawa ikaanza hukumu. Nimeisikia mara nyingi mno, wala si juu yake peke yake. “Wasanii hawajui kuweka akiba. Pesa inakuja, wanachezea. Wakiugua, wanatupigia kelele.” Husemwa kwa sauti ya mtu mwenye busara, anayetikisa kichwa na kushusha kikombe polepole. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya sauti hiyo.

Tuhuma hiyo si ngeni hapa kwetu. Ina umri wa karibu karne moja, na ilikwisha kupigwa picha katika milima yetu wenyewe. Mwaka 1935, pale Vugiri, Usambara, katika wilaya ya Korogwe, Waingereza walifungua mradi wa sinema za kuwaelimisha Waafrika, walioupa jina la Bantu Educational Kinema Experiment. Ulianzishwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa fedha za Carnegie ya Marekani, na mkuu wa kazi alikuwa Meja L. A. Notcutt. Mpaka ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu fupi zipatazo 35, waigizaji wakiwa wenyeji. Filamu hizo zilipakiwa kwenye lori, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mojawapo ya zile za mwanzo kabisa ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Mfanyakazi mmoja anafukia fedha zake ardhini, mwizi anazifukua. Mwenziwe anazipeleka posta, zinasalimika.

Funzo si baya. Lakini angalia lile lisiloulizwa ndani ya filamu ile. Huyo mfanyakazi analipwa kiasi gani? Nani aliyepanga ujira wake? Je, ukitoa chakula na kodi ya kichwa, kinabaki cha kufukia? Hayo hayakupigwa picha. Mtazamaji alitakiwa atoke pale akiamini kwamba umaskini wa mtu mweusi unatokana na shimo alilolichimba mwenyewe. Mtu anayesema leo kwamba Majuto hakujua kuweka akiba anarudia mchezo uliotungwa kwa ajili ya babu yake, na anadhani amegundua jambo jipya.

Nasi tusiishie hapo. Vichekesho vyenyewe, kwa namna tulivyovirithi, vilianza kama silaha dhidi yetu. Wataalamu wa sanaa za maonyesho wameeleza kwamba aina ile ya mchezo mfupi wa kuchekesha, usioandikwa, ilikulia katika shule za wakati wa ukoloni. Wanafunzi walijifunza kumcheka mshamba: asiyejua kula kwa uma, anayeogopa gari, anayeingia mjini na kutapeliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja filamu ya Muhogo Mchungu, mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na wajanja wake. Aliyeigiza mtu huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Nalitaja jambo hili kwa wale wanaodhani kuchekesha ni kazi ya waliokosa akili. Mtu yule yule aliyewachekesha watu kwa kuvaa ushamba alikuja kukabidhiwa nchi.

Majuto alifanya nini na mshamba huyu? Alimgeuza. Mzee wake ni wa kijijini au wa uswahilini, hana kisomo kikubwa, nguo zake hazimkai, lakini hakubali kuonewa kwa maneno. Kijana wa mjini anakuja na suti na Kiingereza cha kuokoteza, na baada ya dakika tano ni yeye anayetoka jasho. Tunamcheka mzee kwa ubahili wake na tamaa zake, maana anastahili. Lakini tunacheka tukiwa upande wake. Katika kibanda cha Kabuku, aliyetoka shamba na jembe lake hakuona haya kucheka, kwa kuwa hakuchekwa yeye. Jambo hilo ni gumu kulifanya. Jaribu uone.

Tena alilifanya bila karatasi. Sanaa ya vichekesho ni ya kutunga papo hapo: wenzako wanakupa hali, wewe unatoa maneno. Hapa ndipo pana hoja ambayo wanasheria wetu wangeishika mapema. Anayebuni maneno yake mwenyewe mbele ya kamera si mwigizaji tu, bali ni mtunzi. Mshairi akitunga beti kumi tunasema ni mali yake. Mchekeshaji akitunga maneno ya saa nzima, tunasema amepigwa picha. Kwa nini huyu wa pili alipwe kama aliyeazima uso wake tu?

Na alilipwaje? Wasanii wa filamu zetu wa miaka ya 2000 wanajua neno moja zaidi ya yote: masta. Mtayarishaji alipiga picha, akaibeba ile nakala mama, akaenda nayo kwa msambazaji Kariakoo. Msambazaji alitoa fedha mara moja, akachukua nakala mama na haki zote. Kuanzia hapo, ziuzwe nakala elfu moja au laki moja, waliotengeneza hawana habari tena. Waigizaji walikuwa wamekwisha kulipwa ujira wao wa siku za kazi, kila mmoja kwa alivyopatana. Ukiwa na jina kubwa, unapata zaidi kidogo. Ukishapokea, umekwisha.

Watu wa Korogwe na Handeni hawahitaji kuelezwa mpango wa namna hiyo, maana tumeuona mashambani mwetu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miaka mingi ndio uliokuwa roho ya Korogwe. Manamba aliletwa kutoka mbali, akapewa kipande, karatasi ya siku thelathini za kazi. Alikata majani, akahesabiwa mafungu, akapokea ujira. Singa zikipanda bei Ulaya, ujira haukupanda nazo. Manamba aliuza jasho la siku, wala hakuwa na sehemu yoyote katika kamba iliyosokotwa kutokana na jasho hilo.

Lakini hata manamba alipata afadhali. Katika miaka ya 1950 wafanyakazi wa mkonge waliunda chama chao wakagoma na kudai. Mwaka 1964 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao mwaka 1997 uligeuka kuwa NSSF. Mwajiri akalazimika kuchangia uzee wa mtu aliyemtumikisha. Basi linganisha. Mkata mkonge wa mwaka 1965 alikuwa na mwajiri anayejulikana, anayedaiwa mchango kwa mujibu wa sheria. Mwigizaji wa mwaka 2010, anayecheza picha hii kwa wiki moja na ile kwa siku tatu, hana mwajiri anayemchangia hata senti. Nchi nzima inamjua kwa sura, ila kwenye vitabu vya michango hayumo. Halafu tunamuuliza akiba yake iko wapi!

Mtu atasema sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, na kutokana nayo tukapata COSOTA. Sheria hiyo inamtambua mwigizaji. Lakini haki iliyoandikwa inaweza kuuzwa kwa sahihi moja, na mwenye njaa hutia sahihi. Wala tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tuliolala. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, uliotungwa kuwalinda wasanii duniani, ulisema kwamba mwigizaji akishakubali kuingizwa katika filamu, ulinzi wake wa msingi chini ya mkataba huo unakoma. Mwaka 1996 dunia ikaongeza mkataba mwingine, ukawafaa wanamuziki kwa sauti zao, waigizaji wa filamu wakaachwa nje. Ulipofika mwaka 2012 ndipo ule wa Beijing ulipopitishwa kwa ajili yao, na ulianza kutumika tarehe 28 Aprili 2020. Majuto alikuwa kaburini mwaka wa pili.

Mwaka 2018 habari ya mikataba yake ilifika serikalini. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwamo. Nampongeza kwa hilo. Lakini jiulize: ilikuwaje mpaka mgonjwa alale kitandani ndipo karatasi zake zisomwe? Hospitali si mahali pa kusomea mikataba. Mkataba husomwa siku ya kuutia sahihi, kalamu ikiwa bado mkononi.

Nawapa wasambazaji haki yao, maana hoja yao ina uzito. Wanasema: “Sisi tulitoa fedha wakati ambapo hakuna benki iliyokubali kuikopesha filamu. Picha nyingine zilitulalia ghalani. Wezi wa kunakili walituumiza kuliko walivyowaumiza wasanii. Bila sisi, Majuto asingefika Handeni.” Yote hayo nayakubali. Aliyethubutu apate faida, tena faida nono. Ninachokataa ni kile kidogo kilichobaki: kwamba kwa sababu ulithubutu mara moja, uchukue chote, na uchukue milele. Hata mwenye shamba anayekodisha kwa mkulima hatoi na ardhi yenyewe. Kuhusu wezi wa kunakili, ni wezi, na washitakiwe. Ila kila msanii anapolia, kidole huelekezwa kwa kijana anayeuza sahani bandia stendi ya Korogwe, naye anafaa sana kwa kazi hiyo kwa kuwa hana wakili. Wizi wake ni wa rejareja. Ule wa jumla una risiti na muhuri.

Nakumbuka hasira ya watu mwezi Novemba 2012. Hussein Mkiety, kijana wa Muheza aliyeitwa Sharo Milionea, aliyeigiza na Majuto mara kadhaa, alikufa kwa ajali ya gari tarehe 26 ya mwezi huo katika wilaya ya Muheza. Ikatangazwa kwamba waliofika mwanzo walimvua na kumwibia vitu vyake, na gari nalo likanyofolewa. Mkoa mzima uliona aibu, na ilikuwa haki kuona aibu. Lakini nauliza: mbona anayemvua msanii akiwa hai, mezani, kwa kalamu, hatumwonei aibu? Huyo tunamwita mfadhili wa sanaa, na siku ya msiba tunampa kiti cha mbele.

Wala si Tanga tu, wala si Tanzania tu. Kenya ilikuwa na Benson Wanjau, Mzee Ojwang’ wa Vitimbi, aliyechekesha taifa kwa miongo kadhaa. Macho yalipomsumbua, Wakenya walichangishana. Akafariki Julai 2015. Mchango ni jambo jema, na aliyetoa Mungu atamlipa. Lakini mchango una ubaya wake: humgeuza mdai kuwa mwombaji. Mtu anayetudai tunampa sadaka, kisha tunatarajia atushukuru.

Basi tufanye nini? Sipendi kulalamika bila kusema la kufanya.

Kwanza, mkataba wa mwigizaji uandikwe kwa Kiswahili, lugha aliyoigizia, na asomewe mbele ya shahidi wake. Kila halmashauri ina Afisa Utamaduni. Ofisi za Handeni na Korogwe zinaweza kutunza nakala, kama wanavyotunza za viwanja.

Pili, malipo yawe mawili: ujira wa siku za kazi, na fungu la mapato kila nakala inapouzwa au picha inaporushwa. Fungu liwe dogo, lakini lisife.

Tatu, hakuna kuuza milele. Haki ziende kwa miaka inayotajwa, kisha zirudi kwa waliotengeneza au kwa watoto wao. Nani mwaka 2000 alijua kwamba picha za kwenye kaseti zitakuja kutazamwa kwenye simu? Aliyeuza “haki zote” aliuza hata mlango ambao haujajengwa.

Nne, anayetumia kicheko kuvuta wateja, awe mwenye basi, hoteli au kituo cha televisheni, alipe. Hapikiwi abiria kwa kuni za jirani bila ya jirani kuulizwa.

Tano, waigizaji wenyewe waache kugombania jina la “king” na waunde chama kinachoweza kugoma, kama walivyofanya manamba. Picha isiyo na mchekeshaji haiuziki, na hiyo ni nguvu kubwa kuliko hotuba.

Naambiwa haya ni magumu. Kuchekesha watu wenye njaa kwa miaka sitini ni kugumu zaidi, na kulifanyika. Hadi leo mzee yule anaonekana kwenye simu za vijana wa Segera, akipayuka na kumfukuza mgeni ili asimlishe. Wanacheka kama tulivyocheka sisi. Kila wanapocheka kuna senti inatoka mahali fulani na kwenda mahali fulani. Kama haiendi kwa watoto wa mchezaji, basi tuuache msemo wa wazee upumzike, na anayetaka kuutamka msibani aambiwe akae chini.